Msokoto wa Mtutu na Mwendo wa Risasi

Mtoto yeyote wa Makongeni, mjini Thika, aliyepata kuchezea pia analijua jambo ambalo mafundi wa bunduki walichukua miaka mingi kulitia katika hesabu. Pia isiyozungushwa haiwezi kusimama juu ya ncha yake. Huanguka papo hapo. Lakini ikizungushwa kwa nguvu husimama wima, na hata ikiguswa kidogo kwa kidole haianguki, bali huyumba kidogo kisha hurejea kusimama. Mzunguko wake ukipungua, huanza kuyumba kwa duara kubwa, na mwisho hulala chini. Risasi itokayo katika mtutu wa bunduki huongozwa na kanuni iyo hiyo.

Jambo hili lina maana kwa wakazi wa sehemu hizi, kwa kuwa si mbali na Thika, katika mji wa Ruiru, ndiko kulikofunguliwa kiwanda cha bunduki. Rais Uhuru Kenyatta alikifungua mwezi wa Aprili, mwaka 2021. Ilitangazwa siku hizo kwamba kiwanda kiligharimu kiasi cha shilingi bilioni 4, na kwamba kina uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Fedha hizo ni za wananchi, na bunduki zenyewe ni za kutumiwa na askari waliowekwa kuwalinda wananchi. Basi yafaa mwananchi ajue ni kitu gani kinachoifanya bunduki ipige pale inapolengwa, na ni kitu gani kinachoifanya ikose na kumdhuru asiyehusika.

Risasi isiyozunguka

Ili kuifahamu kazi ya mtutu, kwanza yatakiwa kujua hewa inavyoitendea risasi. Hewa haionekani, lakini si kitu bure. Mtu atoaye mkono wake nje ya dirisha la basi liendalo kasi katika barabara ya Thika huhisi jinsi hewa inavyousukuma mkono nyuma. Risasi huenda kwa kasi kubwa mara nyingi kupita basi, na hewa huikinza kwa nguvu kubwa vivyo hivyo.

Sasa risasi ya bunduki ya kisasa ni ndefu na imechongoka mbele. Uzito wake mwingi uko nyuma, mahali ilipo nene. Nguvu ya hewa, kwa upande wake, huisukuma zaidi mbele, karibu na ncha. Risasi ikiinamisha ncha yake kidogo tu upande mmoja, hewa huishika ncha hiyo na kuisukuma izidi kuinama, mpaka risasi nzima ipinduke na kwenda ubavuubavu. Risasi iliyopinduka hupoteza kasi upesi, huiacha njia yake, na hakuna mtu awezaye kusema itaangukia wapi.

Wazee wa zamani waliipata dawa moja ya shida hii. Mshale wa Wakamba, jirani za watu wa Thika, hutiwa manyoya mkiani. Manyoya hayo hushikwa na hewa na kuuvuta mkia nyuma, hivyo ncha hubaki mbele daima. Lakini risasi haina manyoya, wala haiwezi kutiwa manyoya ikapita ndani ya mtutu mwembamba.

Bunduki za kale, kama yale magobore yaliyoletwa pwani na kupelekwa bara na misafara, zilikuwa na mtutu laini ndani. Zilipiga risasi ya mviringo kama gololi. Gololi haina ncha wala mkia, kwa hiyo haipinduki. Lakini haiendi sawa masafa marefu: hutoka ikigongagonga pande za mtutu, na hewa huipunguza kasi upesi kwa kuwa umbo lake halipasui hewa vizuri. Wapiganaji wa msitu wa Nyandarua na wa Mlima Kenya, katika vita vya miaka ya 1950, walijiundia bunduki nyingi kwa mikono yao kwa kutumia mabomba ya maji. Mabomba hayo yalikuwa laini ndani. Hata kama bunduki yenyewe haikupasuka mikononi mwa mwenyewe, nalo lilikuwa jambo la hatari kubwa, risasi yake haikuweza kutegemewa ila kwa masafa mafupi sana.

Mifuo ya ndani ya mtutu

Dawa ya pili ni ile ya pia, yaani kuizungusha risasi. Fundi huikata mifuo ndani ya mtutu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mifuo hiyo haiendi moja kwa moja, bali huzunguka polepole kama uzi wa kamba iliyosokotwa. Risasi hufanywa nene kidogo kupita tundu la mtutu. Baruti inapolipuka, risasi husukumwa kwa nguvu ndani ya mtutu, mabati yake laini hushikwa na kingo za mifuo, nayo hulazimika kuzunguka huku ikienda mbele. Inapotoka mdomoni mwa mtutu huendelea kuzunguka hewani.

Risasi izungukayo hutenda kama pia. Hewa inapojaribu kuiinamisha ncha yake, ncha haipinduki. Huzunguka kwa duara dogo, na duara hilo huzidi kuwa dogo kadiri risasi inavyokwenda, mpaka risasi itulie na kwenda ncha mbele.

Idadi ya mifuo si jambo kubwa kama watu wengi wanavyodhani. Bunduki ya Lee-Enfield, ambayo askari wa King's African Rifles waliibeba katika vita viwili vya dunia, ilikuwa kwa kawaida na mifuo mitano. Katika vita vya pili, nyingine ziliundwa kwa haraka huko Marekani na Kanada zikiwa na mifuo miwili tu, nazo zilipiga shabaha vizuri. Kilicho kikubwa ni ukali wa msokoto.

Kipimo cha msokoto

Msokoto hupimwa kwa urefu ambao risasi husafiri ndani ya mtutu mpaka itimize mzunguko mmoja. Ikisemwa kuwa mtutu una msokoto wa inchi 10, maana yake ni kwamba risasi huzunguka mara moja kwa kila inchi 10. Hapa msomaji aangalie asichanganyikiwe: hesabu ikiwa ndogo, msokoto ni mkali zaidi. Mtutu wa inchi 7 huizungusha risasi upesi kuliko mtutu wa inchi 12.

Kwa kipimo hicho, mtu akiijua kasi ya risasi aweza kuhesabu mizunguko yake. Risasi ya Lee-Enfield ya namba 7, iliyoanza kutumiwa mwaka 1910, ilitoka mtutuni kwa kasi ya futi 2,440 kwa sekunde. Futi moja ni inchi 12. Basi risasi ilikwenda inchi 29,280 kwa sekunde. Msokoto ulikuwa inchi 10. Gawanya 29,280 kwa 10, utapata mizunguko 2,928 katika sekunde moja tu. Hakuna gurudumu la gari lizungukalo hata karibu ya hapo.

Kanuni ya Greenhill

Je, fundi hujuaje msokoto upi unaoifaa risasi fulani? Mwaka 1879 mwalimu mmoja wa hesabu aliyefundisha maafisa wa mizinga huko Woolwich, Uingereza, jina lake George Greenhill, alitoa kanuni rahisi ambayo watu huitumia hata leo kwa makadirio ya kwanza. Kanuni ni hii: chukua urefu wa risasi, uugawanye kwa unene wake, ili ujue risasi ina urefu wa mara ngapi ya unene. Kisha gawanya 150 kwa jibu hilo. Jibu la pili, ukilizidisha kwa unene wa risasi, ndilo msokoto.

Tuseme ni risasi ya Martini-Henry, bunduki ambayo jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1871 na ambayo ilifika Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ile. Risasi yake ilikuwa nzito ya greni 480, yenye unene wa inchi 0.45 na urefu wa karibu inchi 1.27. Urefu ni mara 2.8 ya unene. Gawanya 150 kwa 2.8, upate karibu 53.6, zidisha kwa 0.45, upate inchi 24. Msokoto wa bunduki yenyewe ulikuwa inchi 22, karibu sana na hesabu, tena kwa upande wa usalama.

Askari wengi wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani waliopigana Tanga mwezi wa Novemba, 1914, walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Bunduki hiyo iliundwa katika nchi nyingine na mafundi wengine, lakini risasi yake nayo ilikuwa fupi na nene, ya milimita 11. Msokoto wake ulikuwa milimita 550, nazo ni karibu inchi 22 vilevile. Mafundi hao hawakuigana; risasi zenye umbo moja zilidai msokoto mmoja.

Sasa turudi kwa Lee-Enfield. Risasi yake ya namba 7 ilikuwa na unene wa inchi 0.31 na urefu wa karibu inchi 1.28, yaani urefu wa mara 4.1 ya unene. Gawanya 150 kwa 4.1, zidisha kwa 0.31, utapata inchi 11 na kitu. Bunduki ilipewa inchi 10. Basi risasi nyembamba na ndefu ilihitaji msokoto mkali kupita mara mbili ya ule wa risasi fupi na nene.

Urefu, si uzito

Watu wengi husema kwamba risasi nzito huhitaji msokoto mkali. Neno hilo hukaribia ukweli, lakini si kweli lenyewe. Risasi nzito ya unene uleule kwa kawaida huwa ndefu zaidi, na urefu ndio udaio msokoto. Ushahidi uko katika Lee-Enfield hiyohiyo. Risasi ya zamani, ya namba 6, ilikuwa na uzito wa greni 215 na kichwa cha mviringo. Ile ya namba 7 ilikuwa nyepesi, greni 174 tu, lakini imechongoka, na ncha yake ya ndani ilijazwa aluminiamu badala ya risasi. Kwa sababu hiyo urefu wa zote mbili ulikuwa karibu sawa, na mtutu wa inchi 10 uliendelea kuzitosha zote mbili.

Vilevile wapo wadhanio kwamba kuongeza baruti kutaiponya risasi iyumbayo. Ni kweli kwamba kasi ikizidi, mizunguko huzidi. Lakini nguvu ya hewa itakayo kuipindua risasi nayo huzidi pamoja na kasi, na mambo hayo mawili hukaribia kulingana. Kwa hiyo baruti husaidia kidogo tu. Msokoto usiofaa hauponyeki kwa kelele.

Msokoto ukipungua na ukizidi

Msokoto ukiwa mdogo mno, dalili yake huonekana wazi katika karatasi ya shabaha. Risasi iendayo sawa hutoboa tundu la mviringo. Risasi iyumbayo hutoboa tundu refu kama la ufunguo, na iliyopinduka kabisa huacha alama ya ubavu wake wote. Fundi aonaye alama hiyo hana haja ya kumlaumu mpigaji.

Msokoto ukizidi mno, napo pana hasara, ingawa ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Risasi yenye kasoro kidogo, uzito wake ukiegemea upande mmoja, hutupwa pembeni zaidi inapozungushwa kwa nguvu nyingi. Risasi yenye gamba jembamba sana yaweza hata kupasuka hewani. Ndiyo sababu fundi mwenye busara hutafuta msokoto utoshao na akiba kidogo, wala hatafuti msokoto mkali kuliko wote.

Hewa ya Thika na hewa ya Mombasa

Greenhill hakuitia hali ya hewa katika kanuni yake, lakini hewa ina sehemu yake. Kadiri mtu apandavyo juu kutoka baharini, hewa huwa nyepesi. Thika iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kwa kawaida ya urefu huo uzito wa hewa hupungua kwa sehemu 14 katika 100. Hewa nyepesi huisukuma risasi kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo bunduki ileile, kwa risasi ileile, huitunza risasi vizuri zaidi Thika kuliko Mombasa.

Baridi kali hutenda kinyume, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito. Wamarekani walijifunza jambo hili kwa bunduki yao mpya ya M16. Mwanzo mtutu wake ulikuwa na msokoto wa inchi 14, nao ulitosha kwa shida tu. Bunduki ilipojaribiwa katika baridi kali sana, risasi zilianza kuyumba, na mapema katika miaka ya 1960 msokoto ukabadilishwa kuwa inchi 12.

Bunduki moja, risasi mbili

Kisa hicho hakikuishia hapo, na sehemu yake ya pili ndiyo yenye somo kubwa kwa Afrika Mashariki. Mwaka 1980 nchi za umoja wa NATO zilikubali risasi mpya ya unene uleule wa milimita 5.56, lakini ndefu kuliko ile ya kwanza. Bunduki za M16 zilizoundwa baada ya hapo zilipewa msokoto mkali wa inchi 7. Risasi ya zamani yaweza kupigwa katika mtutu mpya bila shida. Lakini risasi mpya ikitiwa katika mtutu wa zamani wa inchi 12, huingia vizuri, hulipuka vizuri, na hutoka kwa kasi yake yote. Ila haizungushwi vya kutosha, nayo huyumba na kukosa shabaha vibaya hata kabla ya kufika mita 100.

Hapa ndipo penye hatari. Macho hayaoni tofauti. Ganda ni lilelile, tundu ni lilelile, na askari husikia mlio uleule. Mtu aliyelengwa huenda asipatwe, na mtu aliyesimama mbali kando akapatwa.

Nchi za Afrika Mashariki zimepata bunduki kutoka pande nyingi za dunia. Bunduki ya G3, ya asili ya Ujerumani, ina msokoto wa inchi 12 kwa risasi ya milimita 7.62. Bunduki ya AK, ya asili ya Urusi, ina msokoto wa milimita 240, yaani kama inchi 9 na nusu, kwa risasi nyingine fupi ya milimita 7.62. Kila moja imepewa msokoto kwa ajili ya risasi yake. Kenya nayo ilijenga kiwanda cha risasi huko Eldoret, Kenya Ordnance Factories Corporation, miaka mingi kabla ya kile cha Ruiru. Basi mafundi wa mtutu na mafundi wa risasi, hata wakikaa mbalimbali kwa mamia ya kilomita, hawana budi kuafikiana kwa kipimo kama fundi wa mlango na fundi wa kitasa. Wasipoafikiana, ustadi wa kila mmoja huwa bure.

Kuitunza mifuo

Mtutu uliokatwa vizuri waweza kuharibiwa na uzembe. Kutu hula kingo za mifuo. Moto wa baruti nao huzila polepole, hasa karibu na mahali risasi inapoanzia. Kingo zikiisha, risasi haishikwi, hupita kwa kuteleza, na msokoto ulioandikwa katika daftari la kiwanda hauna kazi tena. Bunduki hiyo imerudi kuwa bomba la maji.

Ndiyo sababu katika majeshi ya zamani afisa alichungulia ndani ya mtutu wa kila askari katika ukaguzi, na askari aliyekutwa na kutu aliadhibiwa. Hakuadhibiwa kwa ajili ya urembo wa chuma. Askari wa wanyama anayekutana na nyati aliyejeruhiwa kichakani hana nafasi ya pili, na polisi apigaye risasi katika mtaa wenye watu hawezi kuiita irudi. Wote wawili huyategemeza maisha, yao na ya wengine, juu ya mifuo ambayo haionekani mpaka mtu ainame na kuitazama.

Maswali ya kujipima

1. Mtutu wa inchi 9 na mtutu wa inchi 12, ni upi huizungusha risasi upesi zaidi?
2. Risasi hutoka kwa kasi ya futi 2,700 kwa sekunde katika mtutu wa inchi 12. Huzunguka mara ngapi kwa sekunde?
3. Kwa kanuni ya Greenhill, risasi yenye unene wa inchi 0.30 na urefu wa inchi 1.20 hutaka msokoto wa inchi ngapi?
4. Tundu refu katika karatasi ya shabaha lamwambia fundi jambo gani?

Majibu: 1. Wa inchi 9. 2. Mara 2,700. 3. Inchi 11 na robo. 4. Kwamba risasi iliyumba au ilipinduka kabla ya kufika. Basi auchunguze mtutu, kisha aichunguze risasi.